Tusiseme Tena "Mboga Tu"

Oktoba iliyopita nilialikwa chakula cha mchana katika boma moja karibu na Silibwet, Kaunti ya Bomet. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, majani chai yanang'aa kuanzia kando ya barabara hadi kijitoni, na uani mahindi mapya yameanikwa juu ya turubai. Mama mwenye boma alitutengea kimyet, yaani ugali, ya wimbi, mboga ya isagek iliyopikwa kwa maziwa, boga lililopondwa, maharagwe ya msimu na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Harufu ya chakula kile ilikuwa imetupokea tangu langoni. Kisha mama yule, birika la maji ya kunawa mkononi, akainamisha macho na kusema: "Mtusamehe, wageni wetu. Leo ni mboga tu."

Tulikula tukashiba, na sahani zikarudi jikoni tupu. Lakini neno lile moja la mwisho, "tu", nilienda nalo nyumbani. Nimelisikia Litein na Kapkatet, nimelisikia Sotik na Longisa, na nimelisikia mara nyingi kinywani mwa mama yangu mzazi. Lina herufi mbili, na ndani yake mna hukumu nzima: kwamba mlo usio na nyama umepungukiwa, kwamba aliyeupika anafaa kuomba radhi, na aliyeula ana haki ya kunung'unika akifika njiani. Hukumu hiyo ni ya uongo. Inawaumiza mama zetu, inaharibu afya yetu na inadharau mashamba yetu. Naiandika makala hii kuipinga.

Naijua hoja ya wenzangu kwa sababu nimelelewa nayo. Wanasema sisi Wakipsigis ni watu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe hula nyama na kunywa maziwa. Majani ni ya mbuzi. Wanasema nguvu ya kazi iko kwenye nyama. Wanasema mboga haina ladha, na mlo wa mboga peke yake ni desturi ya Wahindi na wazungu. Juu ya yote wanasema ni chakula cha dhiki: mtu hula mboga kwa sababu hana cha kununulia kitu kingine. Nitazichukua hoja hizi moja baada ya nyingine, na mahali penye ukweli nitaukubali.

Kwanza, asili. Ni kweli kwamba ng'ombe ni roho ya Mkipsigis. Lakini ulizeni wazee ng'ombe huyo alichinjwa lini. Ng'ombe alikuwa mali, alikuwa mahari, alikuwa undugu kati ya koo na koo. Mtu hakuamka asubuhi akachinja mali yake kwa sababu anataka kitoweo. Nyama ilikuja na sherehe, na mgeni mkubwa, na mnyama aliyevunjika mguu. Kilichokuwa mezani kila siku kilikuwa maziwa, kimyet ya wimbi na mboga. Nasema wimbi kwa makusudi. Mahindi meupe tunayoyaona leo kama chakula cha mababu yalishika nchi hii katika enzi za ukoloni. Kabla yake nafaka ya kimyet ilikuwa wimbi na mtama. Kwa hiyo anayenitajia asili huku ameshika ugali mweupe kwa mkono mmoja na nyama ya jioni ya kawaida kwa mkono wa pili, asili anayoitaja haina umri mkubwa.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Kama majani yangekuwa chakula cha mbuzi, kwa nini wazee waliyapa majina kwa uangalifu namna ile? Isagek ni isagek, na isochot, ile ambayo wengine wanaiita managu, ni isochot; hakuna mama wa huku anayezichanganya. Kila moja ina uchungu wake, ina muda wake motoni, na ina mwenzake wa kupikwa naye chungu kimoja. Mwaka 1999 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalichapisha kitabu kikubwa cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya chakula cha asili nchini, na ndani yake majina ya mimea yamepangwa kwa lugha za watu wanaoila, Kikipsigis ikiwa mojawapo. Desemba 2021 UNESCO iliiweka juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Dunia inaandika majina ya mboga zetu vitabuni wakati sisi tunawatengea wageni kwa kuomba msamaha. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na sijui neno lingine la kumwita mtu anayeona haya kwa chakula cha bibi yake.

Pili, nguvu. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa huku watu wanafanya kazi ngumu. Mchuma chai hutoka alfajiri umande ungali kwenye miche, kikapu mgongoni, na hadi mchana vidole vyake havijaacha kukata majani mawili na kichipukizi. Mtu huyo anahitaji chakula kinachokaa tumboni. Swali ni kama nyama ndiyo pekee inayokaa.

Tazameni wakimbiaji. Hii ni nchi ya Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho, Mkenya wa kwanza kushinda medali ya Olimpiki, Tokyo mwaka 1964. Mwaka 2004 mtafiti Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kila kitu walichokula wakimbiaji kumi wa Kenya wa kiwango cha juu kabisa, kwa siku saba, wakiwa kambini. Asilimia 86 ya nishati ya chakula chao ilitoka kwenye mimea na asilimia 14 tu kwa wanyama. Ugali, maharagwe, mboga, viazi, na maziwa kwenye chai: hicho ndicho chakula kilichobeba miguu inayoogopwa duniani kote. Kama mtu anaweza kukimbia mbele ya ulimwengu mzima kwa chakula hicho, siye tunaoshuka Kaplong kununua sabuni tunaweza kutembea nacho.

Sababu ya nguvu hiyo inaeleweka. Mahindi yana upungufu wa baadhi ya viini vya protini, hasa kile kinachoitwa laisini. Maharagwe yana laisini kwa wingi, ila yana upungufu mahali ambapo nafaka imejaa. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Bibi zetu waliopanda maharagwe katikati ya mistari ya mahindi hawakuhitaji maabara ili kujua kwamba vitu viwili vinavyoota pamoja vinapikika pamoja. Wimbi nalo lina kalisi mara nyingi zaidi ya mahindi. Ongezea bakuli la mursik, na sioni mlo huo umepungukiwa na nini kwa mtu mzima mwenye afya.

Hapa lazima niseme ukweli wote, maana mtu anayetetea jambo zuri kwa nusu ya ukweli analiharibu. Madini ya chuma yaliyo kwenye mboga hayanyonywi na mwili kwa urahisi kama yale ya nyama. Na sisi watu wa chai tunalifanya jambo hilo kuwa baya zaidi kwa mikono yetu wenyewe: tunakunywa chai pamoja na chakula, au mara tu tukishanawa mikono, na tanini iliyo kwenye chai hulizuia tumbo kuyachukua madini hayo. Mama mjamzito aliyekula sahani nzima ya isagek kisha akateremshia kikombe cha chai nzito amejinyima kwa mkono wa pili alichojipa kwa wa kwanza. Dawa yake ni rahisi. Chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula, na mlo uwe na kitu chenye vitamini C, kama nyanya mbichi, ndimu iliyokamuliwa juu ya maharagwe, au pera baada ya kula. Tena vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Kwetu sisi maziwa na mayai hutupa sehemu hiyo, lakini asiyetumia hata vyakula hivyo lazima aitafute penginepo kwa ushauri wa daktari. Na mtoto mchanga anayeanza kula hafai kuachiwa uji mtupu na majani. Anahitaji maziwa, yai, na nyama au samaki mkipata. Nayasema haya waziwazi, na bado hukumu ile ya "tu" haisimami. Nyama ina faida zake. Kutoka hapo hadi kusema mlo usio na nyama si mlo kuna safari ndefu, na wanaosema hivyo hawajaitembea.

Tatu, ladha. Mtu akiniambia mboga haina ladha, sibishani naye, namuuliza aliyempikia ni nani na alimpikia vipi. Tumezoea kuikatakata sukuma wiki hadi iwe kama nyasi za kulishia ndama, tukaitupa kwenye mafuta mengi, tukaiacha motoni hadi igeuke rangi ya udongo, kisha tukainyunyizia unga wa kiungo wa dukani ili tupate ladha ya nyama ambayo haipo. Kosa la mpishi linabebeshwa mboga.

Hebu tuingie jikoni mwa mama yule wa Silibwet, kwa kuwa nilimwomba anieleze alivyopika. Isagek yake alikuwa ameichuma jioni ya jana yake, machipukizi na majani laini, akaacha mabua na maua. Aliichambua shina kwa shina akiwa ameketi kwenye kigoda, akaiosha maji matatu, maana mchanga wa mvua hujificha chini ya majani. Maji machache yakachemka kwenye sufuria, chumvi kidogo, na isagek ikaingia nzima bila kukatwa. Akaifunika. Mvuke ulipopanda, ile harufu kali inayowafanya wageni wa mboga hii wakunje pua ikajaa jiko, kisha ikaanza kulainika. Alipoona majani yamelegea akachanganya na isochot kidogo, akaacha maji yakauke yenyewe bila kuyamwaga, kwa kuwa, kama alivyosema, "ukimwaga maji umemwaga chakula." Halafu akatia maziwa yenye malai na kuipua. Usiku huo mboga ililala kwenye chungu. Kesho yake akaipasha kwa moto mdogo, akaongeza maziwa tena, na uchungu ukawa umekaa mahali pake, chini ya utamu wa maziwa. Unapoimega kimyet ya moto na kuibonyeza kwa kidole gumba ili ibebe mboga ile, ulimi unakutana kwanza na maziwa, kisha chumvi, na mwisho kabisa uchungu mdogo unaokufanya utake tonge la pili.

Boga nalo lilikuwa limetoka shambani siku hiyo hiyo, la kijani nje na la manjano iliyokolea ndani, lile lililokuwa limelala kati ya mabua. Alilikata vipande vikubwa na ganda lake, akalipika kwa mvuke juu ya maji kidogo ili lisinywe maji na kuwa rojorojo, akalikwangua ganda likiwa bado la moto na kuliponda kwa mwiko. Hakutia sukari. Boga la mavuno lina sukari yake. Mtu aliyeonja hayo mawili kwenye sahani moja, uchungu wa isagek na utamu wa boga, hataniambia kwamba mboga haina ladha.

Nne, wanasema mlo wa mboga ni wa Wahindi na wazungu. Jibu la kwanza ni hayo niliyokwisha kusema kuhusu wimbi na isagek. Jibu la pili liko Kericho mjini. Pale iko Gurudwara ya Kalasinga, nyumba yao ya ibada, yenye kumbukumbu ya Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi katika mji huo kabla ya kuhamia Uingereza. Kila anayeingia hukaribishwa chakula, wa dini yoyote, wa kabila lolote, na halipi hata senti. Ni dengu, chapati, wali na mboga. Nyama haipo, kwa sababu wenyewe wanataka kila mtu aliyeketi pale, awe wa imani gani, aweze kula bila kusita. Wamekula pale madereva wa malori, wanafunzi, wakulima waliokuja mjini kwa shughuli zao, Wakipsigis kwa mamia. Sijapata kusikia mtu akitoka pale akilalamika kwamba hakupewa chakula. Mbona basi ukarimu ule ule ukitoka kwenye sufuria ya mama wa Kikipsigis tunauita upungufu? Mlo ni ule ule wa nafaka, kunde na mboga. Tofauti pekee ni kwamba wale wanautenga kwa heshima, na sisi tunautenga kwa aibu.

Tano, na hili ndilo shina la yote: dhiki. Nakubali kwamba aibu hii haikuzuka hewani. Watu waliopitia miaka ya njaa walikula majani kwa sababu hapakuwa na kingine, na kumbukumbu ya njaa hurithiwa. Hata jina la sukuma wiki linatwambia jambo: ni kitu cha kuisukumia wiki ifike mwisho, hadi mshahara uje. Kwa miaka mingi hata maofisa wa kilimo walizihesabu mboga zetu kuwa magugu ya kung'olewa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta alilelewa kwa mboga za kienyeji kwa sababu mwili wake utotoni ulivikataa vyakula vya wanyama, na amezitumikia kwa utafiti kwa miongo kadhaa ili zitoke kwenye jina hilo la magugu na kuheshimiwa kama zao. Leo managu na sageti, ndiyo isagek yetu, zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi, zimefungwa vizuri, kwa watu wenye pesa. Jina la chakula cha maskini limebaki huku zinakoota.

Lakini dhiki ya kweli ni ipi? Septemba 2011, huku huku Longisa, Bomet, ndiko ulikoonekana kwa mara ya kwanza nchini ugonjwa hatari wa mahindi unaokausha mmea mzima kuanzia kwenye kiini. Familia zilizokuwa na mahindi peke yake zilitazama chakula cha mwaka kikigeuka majani makavu. Waliokuwa na wimbi, viazi, maharagwe, maboga na kiunga cha mboga nyuma ya jiko walikuwa na pa kushika. Wingi wa mimea kwenye sahani hutokana na wingi wa mimea shambani, na huo ndio akiba ya mkulima. Dhiki ni kuwa na shamba lililojaa chai hadi kwenye kizingiti cha mlango, halafu ukanunua sukuma wiki iliyosafirishwa kutoka mbali. Majani chai hayapikwi yakawa kitoweo.

Na msimu wenyewe unaliongezea jambo hili uchungu. Mvua kubwa huanza Machi. Kuanzia Agosti hadi Novemba, kulingana na mwinuko wa mahali, mahindi hukauka, wimbi hukatwa, viazi huchimbwa, maboga hukomaa. Hakuna wakati mwingine katika mwaka ambapo ardhi ya Kericho na Bomet inatupa vitu vingi namna hii kwa pamoja. Na mwezi Oktoba, ndani ya msimu huo huo, wakulima wanaopeleka majani mabichi kwenye viwanda vya shirika la chai la KTDA, kama Litein, Momul, Kapkatet, Mogogosiek na Tirgaga, hupokea malipo ya mwisho wa mwaka, yale tunayoyaita bonasi. Mwaka mzuri au mbaya, pesa zikiingia bucha zinafurika. Juma ambalo shamba limejaa kuliko yote ndilo juma tunalolipa kisogo shamba. Maboga yanaozea chini ya mabua wakati baba anasimama foleni ya nyama ya kilo mbili ili majirani waone kwamba bonasi imefika. Jumatatu ada ya shule bado haijalipwa.

Simwambii mtu aache nyama. Koito, sherehe yetu ya posa, ina nyama yake na jando lina nyama yake, na mzee aliyefuga fahali wake ana haki ya kula naye siku yake. Ninachokikataa ni nyama kuwa kipimo cha utu: mama akose usingizi kwa sababu wageni wanakuja kesho na hana cha kupeleka buchani, wakati nyuma ya jiko lake isagek imestawi, boga limekomaa na maziwa yameiva kibuyuni. Nimeona mama akikopa ili atununulie kuku, nikala kuku yule huku nikijua deni lake litalipwa na vidole vyake kwenye miche ya chai. Chakula hicho hakikunishibisha.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa akina mama, akina baba na vijana wetu wa Kericho na Bomet. Oktoba inapokuja, tengeni sehemu ya bonasi mnunue mbegu za mboga, na muiachie isagek mistari miwili mbele ya chai. Mgeni anapokuja, pikeni kilicho kipya shambani, mkipike kwa uangalifu ule ule mnaompikia mtu mnayempenda, na mkitenge bila kuomba radhi. Na ninyi wageni, mimi nikiwemo, tunaponawa mikono tushukuru kabla hatujauliza kilichopikwa.

Mwezi uliopita nilimrudia mama yule wa Silibwet. Wageni tulikuwa sita, na sufuria ilikuwa ile ile. Alipoleta maji ya kunawa nilimwona anafungua kinywa, akanitazama, akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Karibuni. Tumepika isagek."